Duara Katikati ya Uwanja

Jumatatu, 4 Machi

Muhula umefunguliwa. Mvua haijaanza, ila mawingu yapo. Mkuu wa shule ameniita ofisini saa nne, akanipa kile kiti kizuri, nikajua hapa pana jambo, maana kiti kile hupewa wazazi wanaokuja kuambiwa mtoto wao amefukuzwa. Timu ya netiboli ya wasichana imepata kocha mpya. Ni mwalimu wa Sayansi aliyehamishiwa kwetu, ana cheti cha ukocha, bado kijana, ana nguvu. Mimi nitakuwa msaidizi wake.

"Utapumzika kidogo, Mwalimu," akasema. "Miaka tisa si mchezo."

Nikamwambia asante. Mdomo wangu una adabu kuliko mimi mwenyewe.

Miaka tisa! Watoto hawa nimewafundisha kudaka mpira wakiwa hawajui hata kufunga kamba za viatu. Tumefika nusu fainali ya wilaya mara tatu, na mara tatu tumetolewa, sikatai. Lakini hata kutolewa nusu fainali kuna shule zinakutamani.

Ijumaa, 8 Machi

Mazoezi ya kwanza. Nitamwita Mgeni mpaka nimzoee, na sina haraka ya kumzoea.

Ni mfupi, mcheshi, anaongea kwa sauti ya chini mpaka watoto wanasogea wenyewe kumsikia. Mimi miaka yote hiyo nimepiga kelele na filimbi mpaka koo likakauka, na wao wakizidi kurudi nyuma. Kufika saa kumi na moja alikuwa anamjua kila mmoja kwa jina lake la utani. Wao tayari wanamwita Dada Kocha. Mlinzi wetu wa goli, yule mrefu wanayemwita Mnara, nilimfundisha mimi kuruka na kunasa mpira hewani, jioni baada ya jioni, tangu akiwa kidato cha kwanza. Mgeni alimtazama mara mbili tu, akanigeukia.

"Dada, huyu mtoto nani kamfundisha? Anaruka ajabu."

Nikamjibu kwamba alikuja hivyo hivyo. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda sikutaka sifa itoke mdomoni mwake.

Na huo udada nani kampa? Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mgeni kaja, na mwenyeji kapewa chupa za maji abebe.

Jumanne, 12 Machi

Mvua kubwa tangu asubuhi. Uwanja umejaa maji, mazoezi hakuna. Nimefurahi peke yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Mechi ya kwanza ya ligi ya shule, uwanja wetu, matope mpaka kwenye vifundo. Tumeshinda 31 kwa 19. Shule hii jirani sijawahi kuifunga kwa zaidi ya magoli manne.

Lakini si hilo lililoninyima hamu ya kula. Filimbi ya mwisho ilipolia, Mgeni alikwenda moja kwa moja hadi kwenye duara la katikati, akapiga goti moja kwenye matope, akainamisha kichwa. Hakumwita mtu. Wa kwanza kumkimbilia alikuwa binti yangu.

Binti yangu anacheza senta. Ana miaka kumi na sita na ulimi wa wakili. Alifika pale, akainama, akaushika mkono wa Mgeni, akapiga goti naye. Kisha wakaja wengine, mmoja mmoja, mpaka timu yote ikawa imezunguka. Hapo ndipo Mgeni akaomba kwa sauti. Alishukuru kwa mchezo na kwa kutoumia mtu, akawaombea mpaka waliofungwa. Ilikuwa sala nzuri, ya dini yetu, maneno ninayoyajua tangu utotoni, na sina la kukosoa. Wazazi waliokuwa pembeni wakaitikia amina, mmoja akatoa simu akapiga picha. Mimi nilisimama na chupa zangu.

Sasa niseme kinachoniuma. Mtoto huyu nilikuwa nasali naye kila siku baada ya chakula, tangu hajajua kutamka. Mwaka jana akaniambia, "Mama, nitakuwa nasali mwenyewe," nikakubali, mtoto anakua. Leo nimemwona amefumba macho mbele ya shule nzima, mkono wake umo mkononi mwa mtu wa wiki mbili. Nimeona wivu. Naandika hapa kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Jumatatu, 18 Machi

Chumba cha walimu hakina habari nyingine. Mwalimu wa Hisabati, mtu asiyejua hata netiboli ina wachezaji wangapi, kasema timu sasa "imepata roho". Kumbe miaka tisa nilikuwa nafundisha maiti.

Jumatano, 20 Machi

Ugenini. 27 kwa 22. Duara tena, na safari hii hata wenyeji wetu waliingia, jezi nyekundu na jezi za bluu zimechanganyika, picha juu ya picha.

Ila leo nimeona kitu. Wenzake walipokuwa wanaomba, Mnara hakuwamo. Alikuwa anazunguka uwanja, amewapa mgongo, anakusanya mipira ya kupashia mwili na kuitia kwenye mfuko wa wavu. Alikuwa anakwenda polepole mno. Mmoja ulikuwa miguuni pangu, akauacha uwe wa mwisho. Waliposema amina ndipo akaja kuuchukua.

"Mnara, mbona hukwenda kule na wenzako?"

"Nakusanya mipira, Mwalimu."

"Nani kakwambia uikusanye?"

Akafunga mdomo wa mfuko. "Dada Kocha anajua."

Ndipo nikakumbuka. Kwao Mnara ni dini nyingine. Ni familia chache hapa mtaani, na baba yake, fundi seremala, ni mtu anayejulikana kwa msimamo. Kwa hiyo asiyeomba anageuzwa mtumishi wa wanaoomba! Nilipaswa kukasirika. Nilifurahi, nikafurahi kweli kweli, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nayapanga maneno.

Nimemsimulia baba watoto, akiwa amepiga magoti uani mbele ya friji la mteja.

"Umemuuliza huyo kocha?"

"Nimuulize nini? Nimeona kwa macho yangu."

"Macho yako siku hizi yana kazi nyingi," akasema, akaendelea kukaza skrubu.

Ijumaa, 22 Machi

35 kwa 20. Mnara alikuwa moto wa kuotea mbali. Nina daftari langu la mechi, tabia ya zamani ambayo mume wangu huicheka. Naandika mipira iliyonaswa na pasi zilizopotea, robo kwa robo. Leo Mnara amenasa tisa, minne katika robo ya tatu peke yake. Kisha akaenda kuokota mipira.

Mezani binti yangu ametaja "Dada Kocha anasema" mara kumi na moja. Dada Kocha anasema tule ndizi kabla ya mechi. Mimi nimesema ndizi tangu hajazaliwa.

Jumatano, 27 Machi

Mkutano wa asubuhi. Mnara ameitwa kwenye majaribio ya timu ya kanda, Jumamosi tarehe 20 mwezi ujao. Shule yetu haijawahi kutoa mchezaji wa kanda. Mkuu akamwita Mgeni mbele, watoto wakapiga makofi mpaka njiwa wakaruka kwenye paa.

Mgeni akasema, "Mimi nimemkuta tayari. Kuna aliyemfundisha kabla yangu." Akanitazama. Shule nzima ikanitazama. Nikatazama viatu vyangu. Hata sifa zangu mwenyewe lazima nigawiwe na yeye.

Mchana nikamkuta binti yangu amekaa naye kwenye ngazi za maabara, wanacheka. Sijui walikuwa wanacheka nini. Waliponiona walinyamaza, au labda hawakunyamaza, labda kicheko kilikuwa kimeisha tu. Roho iliniuma mpaka kipindi cha mwisho, nikawapa kidato cha pili zoezi la ramani ambalo hawakustahili.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeandika barua kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Nimeichapa kwenye kompyuta ya maktaba wakati mkutubi amekwenda kunywa chai. Sikuweka jina. Nimemalizia na "Mzazi mwenye uchungu". Mimi ni mzazi, na uchungu ninao, kwa hiyo si uongo.

Naiweka hapa sehemu yake:

"Shule hii ni ya umma, ni ya watoto wa dini zote na wasio na dini. Mwalimu ana haki ya kusali. Hana haki ya kuufanya uwanja wa shule kuwa nyumba ya ibada na wachezaji kuwa waumini wake, maana yeye ndiye anayepanga nani acheze na nani akae benchi. Katika mechi ya Ijumaa tarehe 22, mlinzi wa goli, aliyenasa mipira tisa, minne katika robo ya tatu peke yake, aliachwa akiokota mipira kama kijakazi huku wenzake wakiomba, kwa sababu tu kwao ni dini nyingine."

Nimeisoma mara tatu. Kila neno ni la kweli, na hakuna hata moja nililoliandika kwa ajili ya Mnara. Hilo nalijua. Nimeikunja hivyo hivyo.

Ijumaa, 29 Machi

Nimeiposti. Mvua.

Alhamisi, 4 Aprili

Kimya. Nimeshikwa na kikohozi. Mgeni ameniletea dawa, kaifunga kwenye karatasi na kuandika juu yake kijiko kimoja mara tatu. Nimeinywa. Ni dawa nzuri.

Jumanne, 9 Aprili

Afisa elimu alifika saa tano, na faili na mwavuli. Mkuu akatuita ofisini: Mgeni, mimi, na Mnara. Sikujua kwamba watamwita Mnara. Nasema kweli, jambo hilo sikuliwaza hata dakika moja. Kwenye barua alikuwa mfano tu.

Alisimama katikati ya chumba, mrefu kuliko sisi sote, amekunja mabega ili apungue. Afisa akaisoma barua yote kwa sauti. Alipofika pale pa dini nyingine akainua macho.

"Ndiye wewe?"

"Ndiyo."

"Kwenu mnasali wapi?"

Akataja, kwa sauti ndogo. Mlango ulikuwa wazi. Karani alikuwa anasikiliza, na kibarazani kulikuwa na darasa zima linasubiri vitabu.

"Nani alikukataza kuingia kwenye duara?"

"Hakuna."

"Nani alikulazimisha kuokota mipira?"

"Hakuna. Niliomba mwenyewe."

Nikamgeukia Mgeni. Alikuwa anatazama mikono yake.

"Uliomba kwa nani?" akauliza afisa.

"Kwa Dada Kocha. Nilimwambia siwezi kusali pale, na siwezi kusimama tu pembeni watu wananitazama. Akaniambia nichague kazi. Nikachagua mipira." Kisha akaongeza, "Kwetu hatuombi kwa ajili ya mpira. Bibi anasema kumwomba Mungu akushindie mechi ni kumtuma dukani."

Karani akacheka, akaziba mdomo. Mnara hakucheka.

"Baba hajui kama kuna sala," akasema. "Akijua ataniondoa kwenye timu. Naomba msimwambie. Majaribio ni Jumamosi ya wiki ijayo."

Afisa alikunja karatasi yake taratibu. Alisema, tena kwa upole, kwamba utaratibu unataka mzazi aarifiwe, na kwamba yeye mwenyewe alikwisha kumpigia baba yake simu asubuhi.

Mnara hakulia. Alitutazama mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta ni nani kati yetu. Macho yake yalipofika kwangu nilikuwa nasoma kalenda ya ukutani.

Tulipokuwa tunatoka, Mkuu akatikisa kichwa. "Barua ya ajabu hii. Mzazi gani anakaa kwenye matope anahesabu mipira iliyonaswa, robo kwa robo?" Akacheka. Na mimi nikacheka, nikachelewa kidogo. Mgeni hakucheka.

Jumatano, 10 Aprili

Mnara hakuja mazoezini. Asubuhi alimpa binti yangu jezi airudishe, imefuliwa na kupigwa pasi. Goli letu leo lilikuwa wazi kama mlango wa ghala.

Wakati wa chakula binti yangu akasema, "Huyo mzazi aliyeandika, natamani nimjue nimwangalie usoni."

Baba yake akanitazama. Nikaomba chumvi.

Baadaye tukiosha vyombo, mume wangu akaniambia bila kugeuka, "Njia ya mwongo fupi, mke wangu." Alinipokonya sufuria niliyokuwa naisugua, ilikuwa imetakata zamani.

Alhamisi, 11 Aprili

Stoo ya michezo, baada ya vipindi. Nilikuwa natafuta pampu. Mgeni aliingia akiwa na daftari langu la mechi, nililiacha benchi.

"Dada, daftari lako."

"Umelisoma?"

"Sina haja. Tunaohesabu mipira iliyonaswa shule hii tuko wawili. Mimi huhesabu mechi nzima. Sihesabu robo kwa robo."

Nikakaa juu ya mfuko wa mipira. Sikukana. Nilisubiri anitukane, na ningemshukuru, maana mtu akikutukana mnakuwa mmekwisha kugawana makosa. Hakunitukana. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nimejaribu kuichukia barua yako, nimeshindwa," akasema. "Pale uliposema mimi ndiye ninayepanga nani acheze, sijawahi kuwaza hivyo. Siku ile ya kwanza nilipiga goti peke yangu, kama nilivyozoea toka nikiwa mchezaji. Walipokuja nilifurahi. Nikafurahi mno, nikaacha kujiuliza wamekuja kwa nini."

"Unaweza kusali," nikasema. "Sikuandika kwamba usisali."

"Najua ulichoandika. Lakini ungeniambia, dada. Tulikuwa tunabeba chupa pamoja. Na yule mtoto ungemuuliza. Hilo leo sikusamehe. Labda kesho."

Nikamwambia ukweli, kwa kuwa sikuwa na kingine kilichobaki. "Nilikuonea wivu."

Akashangaa kwelikweli. "Wivu wa nini?"

"Wa timu. Wa binti yangu."

"Mimi narudi kwenye chumba kimoja cha kupanga, nakula nimesimama," akasema. "Mimi ndiye unayenionea wivu?"

Akachukua pampu, ilikuwa nyuma ya mlango siku zote, akanipa, akatoka.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda kwa baba yake Mnara. Nilipita mbele ya karakana yake mara mbili kabla ya kuingia. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango, takataka za mbao zimemfika kwenye kifundo cha mguu.

"Karibu, Mwalimu. Kaa hapo, ila angalia, hiyo benchi ina msumari."

Nikamweleza kwa kusimama. Alisikiliza bila kuacha kazi mpaka nilipofika kwenye barua.

"Kwa hiyo mwandishi ni wewe."

"Ni mimi."

"Uliandika kumtetea mwanangu."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, wazi kabisa. Ningesema ndiyo, nikaagiziwa soda, nikarudi nyumbani na heshima yangu.

"Hapana, mzee. Niliandika ili nimwangushe mwenzangu. Mwanao nilimtumia tu."

Akaweka randa chini. Nilidhani atanifukuza. Alipuliza vumbi kwenye ubao, akaupapasa kwa kiganja.

"Mimi sikumwondoa kwa ajili ya sala," akasema. "Watu wasali, sina ugomvi na sala ya mtu. Nimemwondoa kwa sababu alikuwa anajifunza kujificha. Eti ana ruhusa ya kutosali, ila sharti aonekane ana kazi. Hiyo mimi siiti ruhusa, Mwalimu. Ruhusa ni asimame pale pale mikono mitupu, na mtu asimuulize."

Nilimwambia anasema kweli, na kwamba kocha mwenyewe ameliona hilo. Nikamwambia pia kwamba asipokwenda kwenye majaribio, mtoto atakuwa ameadhibiwa mara ya pili kwa makosa ya watu wazima. Nikamwambia mimi nitatoka kwenye timu. Kisha nikaanza kumweleza jinsi anavyoruka, namna anavyongoja mpaka mpira uache mkono wa mfungaji, na kwamba katika miaka tisa sijaona mwingine, na hapo machozi yakanitoka, jambo ambalo sikulipanga. Akanipa kitambaa.

"Usijifute macho nacho, kina vanishi," akasema. Kisha akasema, "Nitamuuliza mwenyewe. Ninyi hamkumuuliza, na mimi pia sikumuuliza."

Jumatatu, 15 Aprili

Nimekiri kwa Mkuu. Amenipa tena kile kiti kizuri. Nimepata onyo la maandishi na nimetolewa kwenye timu hadi mwisho wa mwaka. Amri mpya imebandikwa: mchezaji yeyote yuko huru kusali au kutosali, peke yake au na wenzake, lakini hakuna mwalimu atakayeongoza wala kuita, na baada ya filimbi kila mtu anakwenda anakotaka. Mgeni aliisaini kabla ya Mkuu.

Nimemwambia binti yangu mwenyewe, kabla hajaambiwa na wengine. Alinitazama usoni, kama alivyosema angefanya. Akasema "Mama?" tu, akainuka, akaacha chakula chake.

Alhamisi, 18 Aprili

Katika chumba cha walimu, wenzangu wakiniona wanaanza kusahihisha madaftari. Binti yangu ananisalimia kama tumekutana benki. Baba watoto ameniletea mahindi ya kuchoma.

Jumamosi, 20 Aprili

Majaribio ni leo. Mnara amekwenda. Baba yake alimuuliza, naye akajibu, ndivyo nilivyosikia. Mwenzangu ndiye aliyempeleka. Nimejikuta nimeandika mwenzangu badala ya Mgeni, basi na libaki.

Mimi nilibaki nyumbani nafua mapazia yasiyo machafu. Saa tisa ujumbe uliingia kwenye simu, maneno mawili tu: "Amechaguliwa, dada." Nikacheza jikoni peke yangu na beseni. Halafu nikakaa chini, nikawaza nani alikuwa pembeni ya uwanja alipotajwa, na nani alikumbatiwa wa kwanza, ikaniuma upya. Nisilidanganye daftari. Wivu haujaisha.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua imekatika. Nilikuwa namenya viazi. Binti yangu akaingia, akachukua kisu kingine, akakaa mbele yangu. Tulimenya kama vinne hivi.

"Mama, uliandika ile barua kwa sababu nilimshika mkono?"

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ulidhani nasali."

"Ulikuwa umefumba macho."

"Kila mtu alifumba." Akachimba jicho la kiazi kwa ncha ya kisu. "Siku ile ya kwanza nilidhani kaumia. Alianguka goti moja ghafla, nikadhani kateguka mguu. Nikakimbia nimwinue. Nilipomshika mkono, akanishika na yeye, nikaona ameinamisha kichwa. Wengine nao wakaja wakidhani kaumia. Halafu akaanza kuomba. Sasa hapo ningeondokaje?"

Nilitaka kucheka.

"Na mechi zilizofuata?"

"Nilikuwa nimeshakuwa wa kwanza. Na Dada Kocha ni mwema, ningemwambia nini? Yule mfungaji wa akiba alichelewa kuja kwenye duara mara moja, mechi iliyofuata hakuingizwa kabisa. Labda ilikuwa bahati mbaya tu. Lakini nani atajaribu?" Akakiweka kiazi kwenye maji. "Mimi sisali siku hizi, Mama. Tangu mwaka jana. Sijui kama naamini. Ndiyo maana nilikwambia nitasali mwenyewe."

Hilo lilinichoma, sifichi. Mimi nasali tangu najijua, na mama yangu kabla yangu. Lakini kilichonitoka mdomoni kilikuwa kingine.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Nilikuwa pale pale, kila mechi."

"Ndiyo, ulikuwa pale," akasema. "Kila mechi, kabla sijafumba macho, nilikuwa nakutafuta uje unitoe. Ulikuwa unamwangalia yeye."

Nikaweka kisu chini, nikafuta mikono, nikamtazama.